Kengele ya Shule na Saa ya Miraa

Katika shule za msingi za Kenya, mtoto anayekosa masomo mara kwa mara huitwa mtoro, na neno hilo hutoa hukumu kabla mtu hajauliza ni siku ngapi zimepotea na zimepotelea wapi. Katika pwani ya karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa na kujijengea makazi yao porini, na jina hilo lilibeba mtazamo wa bwana aliyeachwa, si wa yule aliyeondoka. Likihamishiwa kwenye daftari la mahudhurio, yaani kitabu ambamo mwalimu wa darasa huandika kila siku nani yupo na nani hayupo, neno hilo humfanya mtoto asiyeonekana kuwa mtu aliyeamua mwenyewe kukimbia, ilhali huko Igembe na Tigania, upande wa kaskazini wa Kaunti ya Meru, na katika nyanda kame za Mbeere, Kaunti ya Embu, mtoto huyo mara nyingi yuko mahali ambapo jirani yeyote angepaonyesha kwa kidole: juu ya mti wa miraa, kati ya vichaka vya muguka, au njiani kutoka mtoni akiwa na mtungi wa maji. Hakutoroka, alitumwa, au alijituma, kwa kuwa kule alikokwenda alikuwa akingojewa.

Kungojewa huko ndiko kiini cha mazungumzo haya. Wataalamu wa elimu hutumia neno matarajio kwa maana ya kile ambacho mwalimu, mzazi na shule nzima huamini kwamba mtoto anaweza kukifikia, imani ambayo huonekana katika ugumu wa kazi anazopewa, katika maswali anayoulizwa na katika muda anaongojwa ajibu kabla swali halijapelekwa kwa mwenzake. Hata hivyo, kutarajia katika Kiswahili cha kila siku ni kungoja jambo kwa kuamini kwamba litakuja, na kwa maana hiyo shule yenye matarajio haba ni shule isiyomngoja mtu. Mahudhurio duni na matarajio haba huzungumzwa katika mikutano ya elimu kana kwamba ni mizigo miwili, wa kwanza ukitwikwa wazazi na wa pili ukitwikwa walimu, lakini kwa kweli kila mmoja huulisha mwenzake: mwalimu aliyezoea madawati yaliyo wazi siku za mavuno hupanga somo jepesi kwa siku hizo, na mtoto aliyezoea masomo mepesi haoni alichokikosa kwa kutofika.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, inafaa kuondoa maelezo mamoja ya mkato ambayo husikika sana, yaani kwamba watu wa sehemu hizo hawathamini elimu. Meru na Embu ni kaunti ambazo ndani yake kuna pande zilizosifika kwa shule tangu zamani za misheni. Wamisheni wa Kianglikana waliweka kituo chao Kigari, kwenye miinuko ya Embu, na Wamethodisti wakajenga Kaaga, karibu na mji wa Meru, mambo yote mawili yakitokea mwanzoni mwa miaka ya 1910, na shule zilizochipuka kandokando ya vituo hivyo zilitoa makarani, walimu na wanasiasa wa vizazi kadhaa. Vituo hivyo vilipendelea nchi ya juu yenye mvua, ambako baadaye kahawa na chai zilikuja kulipa karo, huku Mbeere ya chini na Nyambene ya mbali, yaani nchi ya Igembe na Tigania, zikifikiwa na shule kwa kuchelewa na kwa uchache. Mtoto wa Imenti, karibu na mji wa Meru, na mtoto wa Igembe huzungumza lahaja za lugha moja ya Kimeru, na kwa muda mrefu walifanya mtihani mmoja wa taifa. Kinachowatenganisha ni mmea uliopandwa nje ya nyumba na mkondo ambao historia ya shule ilifuata. (Hata Kimeru chenyewe kilichoandikwa vitabuni kiliegemea zaidi lahaja ya Imenti, kwa hiyo mtoto wa Igembe anayefunguliwa kitabu cha lugha ya mama katika madarasa ya chini hukutana kwanza na lugha ya mama ya jirani.)

Miraa ina saa yake, na saa hiyo haijali ratiba ya Wizara ya Elimu. Machipukizi ya mti huo hutafunwa yakiwa mabichi, na kemikali inayoyapa nguvu, iitwayo kathinoni, huanza kupotea mara tu yanapokatwa, kiasi kwamba baada ya takriban siku mbili bidhaa huwa imeshuka thamani au haiuziki kabisa. Kwa sababu hiyo kazi yote ya kuchuma, kuchambua, kufunga na kusafirisha hubanwa ndani ya saa chache za mwanzo wa siku. Machipukizi huteuliwa kwa rangi na urefu, hupangwa vichwa vikiwa sawa, hufungwa kwa utepe wa mgomba katika vifurushi vidogo, na vifurushi hivyo hukusanywa kuwa kitundu, kisha mzigo wote huviringishwa kwenye majani ya mgomba ili usikauke, na magari ya pikapu yanayosubiri katika miji ya Maua au Laare huondoka kwa mwendo ambao umewapa madereva wake sifa mbaya barabara nzima hadi Nairobi. Katika mnyororo huo mvulana wa miaka kumi au kumi na miwili ana faida ambayo mtu mzima hana, kwa kuwa mwili wake mwepesi hupanda hadi kwenye matawi membamba ya juu bila kuyavunja na vidole vyake vidogo hufunga kwa haraka. Kengele ya shule inapogongwa karibu na saa mbili asubuhi, yeye bado ana mzigo mkononi, na mfanyabiashara aliye kando ya pikapu anamngoja kwa jina.

Malipo yake ni ya papo hapo. Mtoto huyo huweza kushika pesa taslimu kabla ya saa nne, katika jamii ambamo kijana aliyemaliza sekondari na kurudi kijijini bila kazi ni jambo la kuonekana kila siku, na ambamo mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba hulipwa ujira mdogo unaojulikana na wanafunzi wake wenyewe. Kumwambia mtoto wa aina hiyo kwamba elimu ni ufunguo wa maisha ni kumwomba aamini ahadi ya miaka kumi na minne ijayo dhidi ya noti iliyo mfukoni mwake, na haipasi kushangaa kwamba wengine hawaamini.

Muguka wa Mbeere, ambao ni wa jamii hiyohiyo ya mmea, huleta tatizo la sura nyingine. Vichaka vyake huachwa vifupi, na kinachouzwa ni majani laini ya ncha, yanayochumwa kwa mkono na kujazwa mifukoni, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda mti na kazi hiyo huwavuta wanawake, wasichana na hata watoto wadogo zaidi. Pande za Kiritiri, Siakago na Ishiara, ambako mahindi hukauka mashambani msimu hadi msimu, muguka umekuwa zao linalovumilia ukame na kutoa pesa za karibu, na mzazi anayemkalisha binti yake nyumbani siku ya kuchuma mara nyingi hufanya hivyo ili apate pesa za kulipia chakula cha mchana na karatasi za mtihani katika shule ileile ambayo binti huyo ameikosa.

Inafaa kutaja hapa, kwa kuwa wasemaji wengi huliruka, kwamba bei ya mazao hayo ikianguka shule hazijai. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Somalia ilifunga soko lake Machi 2020 na kulifungua tena Julai 2022. Na Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, ambayo wakulima wa Embu waliipinga mahakamani. Kila mara soko linapofungwa mtoto hupunguziwa kazi, lakini nyumba nayo hupungukiwa na pesa za sare, za viatu na za chakula, na mtoto aliyekuwa akikosa shule kwa sababu ana kazi huanza kuikosa kwa sababu hana kitu. Anayedhani kwamba kung'oa miraa kungejaza madarasa hajafanya hesabu ya upande wa pili.

Sheria, kwa upande wake, imesema kila kitu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule kwa ukamilifu, la sivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamkataza mtu yeyote kumwajiri mtoto katika kazi inayomzuia kwenda shule. Machifu na manaibu wao wametumwa mara nyingi kuwasaka watoto mashambani, hasa tangu serikali ilipoanza, mwaka 2018, kusisitiza kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi lazima aingie sekondari, na kwa siku chache baada ya msako wa aina hiyo madarasa hujaa. Lakini kuna kifungu kingine cha sheria hiyo ambacho hakitajwi barazani: kifungu cha 40 kinamtaka mwalimu mkuu, mwanafunzi anapokosa shule, achunguze mazingira ya kukosa kwake. Kwa lugha nyepesi, sheria inaiagiza shule iulize, na iulize kabla mtu hajafikiria kumtuma chifu. Shule inayouliza jioni ileile mtoto asipoonekana imekwisha kumwambia kwamba alikuwa akingojewa. Shule inayouliza baada ya wiki tatu, kwa barua ya kumwita mzazi, imemwambia jambo lingine.

Hesabu ya siku hizo ni rahisi, na ni ajabu kwamba haifanywi mbele ya wazazi mara nyingi zaidi. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki, ambaye mwalimu wake angemwelezea kuwa anahudhuria vizuri kiasi, hukosa sehemu moja ya tano ya masomo yote, na katika kila miaka mitano huwa amepoteza mwaka mzima wa shule bila jina lake kufutwa katika daftari hata siku moja. Katika nchi kama Marekani, mtoto anayekosa sehemu moja ya kumi ya siku za masomo kwa sababu yoyote ile, hata ugonjwa, huhesabiwa kuwa na ukosefu sugu wa mahudhurio na hufuatiliwa. Kwa kipimo hicho, mtoto wa siku moja kwa wiki amekivuka kiwango mara mbili. Kukosa huko pia hakuji ovyo. Miraa huchumwa kwa mizunguko, shamba baada ya shamba, kwa hiyo kila nyumba ina siku zake, na mwalimu anayejua mashamba ya kijiji chake angeweza kutabiri ni madawati gani yatakuwa wazi Jumatano ijayo. Somo la hisabati hata hivyo husonga mbele kila siku: aliyekosa Jumatano ya kugawanya atakutana na Alhamisi ya sehemu, na kwa kuwa sheria hairuhusu mtoto kurudishwa darasa, atapandishwa kila Januari akiwa na mashimo yake yote.

Hapo ndipo matarajio huanza kushuka, tena kwa nia njema. Mwalimu anayemwona mtoto akihangaika na sehemu humwonea huruma, humpunguzia kazi, humwuliza maswali ambayo jibu lake ni neno moja, na baada ya muda humweka nyuma ya darasa pamoja na wengine wa aina yake ambao, kwa lugha ya chumba cha walimu, hawashiki. Robert Rosenthal, mwanasaikolojia, na Lenore Jacobson, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko California, walichapisha mwaka 1968 utafiti uliokuja kuwa maarufu juu ya jambo hilo: waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, kama mmoja katika kila watano, walikuwa wameonyesha katika mtihani dalili za kuchanua ghafla kiakili, ilhali majina hayo yalikuwa yameteuliwa kwa bahati nasibu, na mwisho wa mwaka watoto hao wa madarasa ya chini walikuwa wamewapita wenzao. Jambo hilo huitwa utabiri unaojitimiza, yaani kauli inayogeuka kuwa kweli kwa sababu watu waliiamini na kutenda kwa kuiamini. Utafiti huo ulipingwa vikali na wapimaji wengine, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba nguvu ya matarajio ya mwalimu peke yake ni ndogo kuliko ilivyodaiwa mwanzoni. Lakini darasa la California lilikuwa na watoto waliokuja shuleni. Utafiti huo haukupima kinachotokea pale ambapo matarajio madogo ya mwalimu hukutana na matarajio makubwa ya mnunuzi wa miraa.

Matarajio haya hayahusu watoto peke yao. Benki ya Dunia ilipotuma wapimaji bila taarifa katika shule za Kenya mwaka 2012, zaidi ya walimu wanne katika kila kumi hawakukutwa darasani wakati walipotakiwa kuwa wanafundisha, na wengi wao walikuwa ndani ya uwanja wa shule. Mtoto aliyeacha kitundu cha pili ili awahi kengele, kisha akakaa saa nzima bila mwalimu, amefundishwa somo ambalo hakuna mtaala ulioliandika, na kesho yake atafanya uamuzi ambao mtu mzima yeyote mwenye akili timamu angeufanya. Daftari la mahudhurio la walimu lingepaswa kuwekwa mezani sambamba na lile la wanafunzi kila mara kikao cha wazazi kinapoitishwa kujadili utoro.

Mfumo wa mitihani nao ulichangia kushusha matarajio. Kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE, yaani cheti cha taifa cha elimu ya msingi ambacho katika miaka yake ya baadaye kilikuwa na jumla ya alama 500, ulikuwa ndio kipimo cha shule machoni pa umma, na shule ambayo wastani wake ulikuwa chini ya nusu mwaka baada ya mwaka ilijifunza kuishi na nusu hiyo. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeondoa alama hizo na kuleta ripoti yenye ngazi nne, ambazo kwa Kiswahili husomeka kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Ni bahati ya ajabu kwamba neno lenyewe sasa limechapishwa kwenye kila fomu inayopelekwa nyumbani, ingawa matarajio yanayotajwa humo ni ya waandishi wa mtaala walioko Nairobi, na mzazi wa Mutuati, huko Igembe, anayesomewa kwamba mwanawe yuko mbali nayo ana haki ya kuuliza ni nani aliyemtarajia, na lini.

Kuhusu swali la iwapo watoto hao wanaosemekana hawashiki wana upungufu wa akili au wa kitu kingine, Embu ilikwisha kutoa jibu, na ni jambo la kusikitisha kwamba jibu hilo linajulikana zaidi katika vyuo vikuu vya ng'ambo kuliko katika vikao vya elimu vya kaunti yenyewe. Kuanzia mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliziteua shule za msingi 12 za Kyeni Kusini na kuzigawanya kwa bahati nasibu katika mafungu manne. Watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya 500, walifuatiliwa kwa takriban miaka miwili. Katika shule tatu walipewa githeri, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, uliotiwa nyama ya kusaga. Katika tatu walipewa githeri na kikombe cha maziwa. Katika tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu ya chakula ilingane. Na katika tatu za mwisho hawakupewa chakula shuleni, bali familia zao zilipewa mbuzi wa maziwa kama fidia.

Matokeo yake yanastahili kusikilizwa polepole. Katika mtihani wa kukamilisha michoro, ambao hupima uwezo wa kufikiri bila kutumia maneno wala mambo yaliyofundishwa darasani, watoto waliokula nyama walipiga hatua kubwa kuliko wenzao wote, na katika mitihani ya kawaida ya mwisho wa muhula pia walinufaika. Uwanjani, watafiti waliokaa pembeni wakiandika nani anafanya nini waliwaona watoto hao wakicheza kwa nguvu zaidi, wakianzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Maziwa hayakuleta faida hiyo katika mtihani wa michoro, ingawa watoto wadogo au waliodumaa walioyapata waliongezeka kimo. Watoto wengi wa Kyeni walikutwa na upungufu wa vitamini B12, ambayo kiasili hupatikana hasa katika vyakula vya wanyama, na upungufu huo ulipungua kwa waliopewa nyama au maziwa. Hao walikuwa watoto wa kijiji kilekile, wa mwalimu wa aina ileile na wa kitabu kilekile. Kilichobadilika ni vijiko vichache vya nyama ya kusaga. Kabla ya utafiti, mwalimu yeyote angewagawanya kwa urahisi kuwa wachangamfu na wazito, na angeamini kwamba amewajua.

Chakula cha shule kina kazi nyingine ambayo haikuwa shabaha ya utafiti huo lakini kila mpishi wa shule anaijua: mtoto asiyefika hali. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha shule za sehemu kame za Kenya mwaka 1980, serikali ikaanzisha mwaka 2009 mpango wake wa kununua chakula kutoka kwa wakulima wa karibu na shule, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi serikali shule zilizosalia. Mbeere na Meru ya kaskazini zimo katika orodha ya maeneo kame na nusu kame ya taifa. Mgao ukifika kwa wakati, mwalimu wa zamu hupeleka jikoni asubuhi idadi ya walioko ili mpishi ajue apime mahindi mangapi, na kwa siku hizo kuna mtu mmoja katika shule nzima ambaye lazima ajue idadi kamili. Mgao ukichelewa hadi katikati ya muhula, shule hurudi kwenye pesa za chakula zinazotozwa wazazi, na wasiozilipa hurudi nyumbani mchana, safari ambayo kwa wengi haina alasiri. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, fungu ambalo halikukusudiwa kununua chakula, na hata lingekusudiwa lisingefika mbali.

Jando nalo linastahili neno, ingawa ni jambo ambalo wageni hupenda kulikuza. Katika jamii ya Wameru mvulana aliyetahiriwa huhesabiwa kuwa mwanamume, hulala mbali na nyumba ya mama yake, na hatazamiwi kupokea amri kutoka kwa mwanamke. Desturi hiyo ilikaa vizuri pale ambapo mtoto alimaliza darasa la nane Novemba, akaingia jandoni Desemba na kwenda sekondari Januari. Pale ambapo watoto huanza shule wakiwa wamechelewa, au huiacha na kuirudia kati ya misimu ya miraa, baadhi yao hutahiriwa wakiwa bado katika shule ya msingi, na mwalimu wa kike hujikuta akimwuliza mwanamume kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. Tangu mwaka 2023, sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ilipowekwa ndani ya uwanja wa shule za msingi, idadi ya wanaume wa aina hiyo katika uwanja mmoja imeongezeka. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru lenye makao yake Nchiru, lina mamlaka ya kuwaambia vijana hao kwamba utu uzima hauwaondoi darasani, na kwa jambo hilo sauti yake ingesikika kuliko waraka wa wizara.

Yanayofaa kufanywa si mageni, na mengine hayahitaji fedha. Mwalimu anaweza kuweka kalenda ya uchumaji ya kijiji ukutani na kupanga marudio ya somo siku baada ya mavuno, badala ya kuendelea kana kwamba wote walikuwepo. Bodi ya shule inaweza kukubaliana na wenye mashamba kwamba mtoto aliye na sare hanunuliwi mzigo baada ya saa moja na nusu asubuhi, makubaliano ambayo mnunuzi mmoja mwenye sifa akiyashika, wengine hulazimika kuyafuata. Mengine yanahitaji fedha, na yanayotangulia ni chakula cha mchana na walimu wa kutosha ambao wako darasani. Hakuna kati ya hayo litakalomfanya kila mvulana wa Igembe aache pesa za asubuhi, na haina maana kujidanganya hivyo.

Watoto waliokula githeri ya nyama huko Kyeni walikuwa na umri wa miaka takriban saba utafiti ulipoanza mwaka 1998. Leo wamepita miaka thelathini, na walio wazazi kati yao wana watoto wa umri wa kwenda shule za msingi. Utafiti ulipokwisha, chakula kile cha majaribio nacho kilikwisha, na kila muhula unapofunguliwa, mzazi wa Kyeni hupewa orodha ya mahitaji, na pesa za chakula cha mchana zimo humo.